Maji na Makaa: Pa Kuokoa na Pasipo pa Kuokoa

Leo tuzungumze juu ya maji na makaa, vitu viwili vinavyokula pesa za nyumba hapa Wiyoni.

Nikizunguka majumbani huambiwa, "Sista, kuchemsha maji ni kuchoma pesa." Ni kweli makaa ni ghali. Lakini tukichunguza, mara nyingi kinachomaliza makaa ni namna tunavyochemsha. Sufuria iko wazi, maji yanatokota robo saa, nusu saa, na mama yuko uani anafua. Makaa hayo yamepotea bure. Maji yakitokota vizuri, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini mpaka juu, yaache dakika 1 tu kisha uyaepue. Vijidudu vya kuhara, vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vimekwisha kufa. Funika sufuria tangu mwanzo, na uyabandike ukishapika, wakati seredani ingali na moto. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, halafu uyatie katika mtungi safi wenye mdomo mwembamba. Ukiwa na ndoo, iwe na kifuniko, na uteke kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji.

Iko njia isiyotaka makaa kabisa, nayo ni jua. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ioshe, bandua karatasi yake, jaza maji maangavu, ufunge na kuilaza juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Mawingu yakitanda, iache siku 2. Aliye na nyumba ya makuti atafute kipande cha bati akiweke uani mahali ambapo mbuzi na watoto hawafiki. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi mpaka yawe maangavu. Jua halipenyi tope. Wenye dawa ya klorini, fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mkoroge, mngoje nusu saa.

Chumvi ni jambo jingine. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka visima vya Shela, ambako mvua huzama katika vilima vya mchanga na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini. Yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Wako wanaodhani ukichemsha chumvi itatoka. Haitoki, bali huzidi, kwa maana maji hupungua na chumvi inabaki. Kisima cha chumvi kiwe cha kufulia, kuoshea sakafu na choo, na mtungi ulionunua kwa pesa uwe wa kunywa na kupikia. Masika yakija, kingeni maji ya bati, lakini mvua ya kwanza iacheni ioshe paa. Ya makuti yana rangi na uchafu, si ya kunywa.

Maharagwe na pojo, lowekeni usiku kucha. Makaa mtakayookoa mtayaona wenyewe.

Sasa nije kwenye akiba nisizozipenda. Bakuli moja la kunawia, watu sita wanatia mikono humo humo: hapo tunagawana uchafu. Mimina kwa birika au kopo, au tundika kibuyu chirizi karibu na choo. Maji kidogo yanayotiririka pamoja na sabuni yanatosha. Nyingine ni kuingiza seredani chumbani na kufunga mlango wakati wa mvua, ili joto na makaa visipotee. Hewa ya makaa yanayowaka haina harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Tena mafuta ya taa yaliyonunuliwa kidogo kidogo yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Na mtoto aliye chini ya miezi 6 hataki maji hata tone, yawe ya kuchemsha au ya Shela, hata katika joto la kaskazi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Hayo hayataki makaa wala mtungi. Anayetumia maziwa ya mkebe kwa sababu ya lazima asiyazimue ili yafike mwisho wa mwezi. Mtoto atashiba tumbo huku akidhoofika.

Mtoto akihara, usimpunguzie maji. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya pakiti ya chumvi-sukari kama ilivyoandikwa, na uyamwage yaliyobaki baada ya saa 24. Ulizia vidonge vya zinki, umpe kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma mapema. Ukiona macho yameingia ndani, hawezi kunywa, au kinyesi kina damu, usingoje asubuhi. Mpeleke Hospitali ya King Fahd usiku huo huo.