Tuwashe Taa Juu ya Kilichofichwa



Wavuvi wetu wa dagaa wanajua kwamba usiku wa giza sharti taa iwashwe, ndipo kilicho kilindini kipande juu. Leo, ndugu wa Kasingirima na wote mlio kandokando ya Ziwa Tanganyika, tuwashe taa juu ya jambo tunalolificha: magonjwa ya zinaa.

Kaswende, kisonono na klamidia hutibika kwa dawa sahihi. Lakini mara nyingi, hasa kwa wanawake, hayaonyeshi dalili. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, nacho hufunga chenyewe. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe ugonjwa umebaki mwilini. Mama mjamzito asipotibiwa, mtoto aweza kufa tumboni au kuzaliwa mgonjwa. Ndiyo maana mama hupimwa damu kliniki, na baba huombwa aende naye.

Kuficha kuna gharama kubwa zaidi, kwa kuwa kidonda kisichotibiwa ni mlango wazi kwa virusi vya UKIMWI. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu vema magonjwa haya, wakapewa na dawa. Katika miaka 2, maambukizi mapya ya virusi hivyo yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika jamii zilizolinganishwa nazo.

Basi tufanye nini? Vijana wasubiri; wenye ndoa wapime na kuwa waaminifu. Wataalamu hufundisha pia kwamba kondomu, ikitumiwa sawasawa kila mara, hupunguza hatari. Anayeugua asijinunulie vidonge ovyo. Amalize dawa aliyopewa, ajizuie hadi apone, na mwenzake atibiwe pia. Kumtibu mmoja tu ni kuteka maji kwa pakacha.

Tumkumbuke yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka 12. Alikuja kwa nyuma, akiogopa macho ya watu. Bwana hakumwaibisha; alimwita binti, akamruhusu aende kwa amani. Nasi tukimnong'ona jirani aliyeonekana zahanati, tunamrudisha gizani, na ugonjwa wake utarudi nyumbani mwetu.

Mungu atujalie ulimi wenye huruma na moyo wa kujitunza. Amina.