Si Stanley, ni Stanislaus

 

Kabla ya kusimulia safari ya kwaya, tuna deni. Tulipomzika guka wetu wa sauti ya besi, aliyetufundisha solfa kwa kijiti ubaoni, kijitabu cha mazishi tulichokiandaa sisi wenyewe kilimwita Stanley. Yeye alibatizwa Stanislaus. Mjane wake hakusema neno siku ile. Mwaka mmoja baadaye, akitumiminia chai, alisema: “Mlimzika mtu mwingine.”

Tulidhani ni herufi tu. Kumbe Stanley ni jina la Kiingereza linalotokana na mahali, uwanda wenye mawe. Stanislaus ni Kilatini cha Stanisław, jina la kale la Wapolandi, lililoungwa kwa maneno mawili ya Kislavi: moja ni kusimama au kuwa, la pili ni utukufu. Sisi tunaoimba Utukufu kila Jumapili ndio tuliouondoa katika jina la mwimbaji wetu!

Wa kwanza kulitukuza jina hilo alikuwa Askofu Stanislaus wa Kraków. Alimkemea Mfalme Bolesław II, akauawa mwaka 1079, na mwaka 1253 akatangazwa mtakatifu. Yupo pia Stanislaus Kostka, kijana aliyetoroka Vienna kwa miguu ili awe Mjesuiti ingawa baba yake alikataa. Alifia Roma mwaka 1568, akiwa na miaka 17 tu. (Vijana wa tena, mnaochoka kupanda kilima kuja mazoezini, mmesikia?) Na kiti kile cha Kraków ndicho alichokalia Karol Wojtyła kabla ya kuwa Papa Yohane Paulo II, aliyekuja Kenya 1980, 1985 na 1995. Baadhi yenu mlimwona Nairobi.

Guka alizaliwa Aprili. Sikukuu ya yule askofu ni tarehe 11 Aprili, na zamani jina la ubatizo lilitafutwa kwenye kalenda ya watakatifu.

Leo, katika Misa hii ya jubilei, anabatizwa mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanawe. Ataitwa Stanislaus. Jina lake liko ukurasa wa nyuma, na cucu amelisoma herufi kwa herufi kabla hatujapeleka kijitabu kwa mpiga chapa.