Pengo si Aibu, Lakini Usilizibe Kichochoroni



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu zangu vijana, mmeniomba mimi daktari wa meno nizungumze dakika kumi kabla ya futari, na naona wengine mshaanza kutazama saa. Nitajitahidi.

Kuna kijana mmoja, hafidh, aliyekuwa akitusalisha tarawehe mtaani kwetu. Akaanguka na bodaboda, meno mawili ya mbele ya juu yakang'oka. Ramadhani iliyofuata akawa ajificha safu ya nyuma. Nilipomuuliza aliziba mdomo kwa kiganja, akaniambia, "Daktari, dhali haitoki."

Na ni kweli. Mliosoma tajwidi mwajua kuwa tha, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu, na fa hutoka meno hayohayo yakigusa mdomo wa chini. Katika Alhamdu hamna tha wala fa, lakini dhali imo, kwenye "alladhina". Sasa mtu akiniambia pengo ni jambo la urembo tu, humkumbuka kijana huyu.

Kwa haya aliyokuwa nayo hakuja hospitali. Alikwenda kwa fundi wa kichochoroni, asiye na leseni, akamgandishia meno ya plastiki kwa kuyashikanisha na meno mazima ya kando. Siku za mwanzo yalipendeza wallahi. Kisha chakula kikawa chanasa pale, ufizi ukavimba, na jino moja lililokuwa zima likaoza. Kwa fundi aliingia na mapengo mawili. Kwangu alifika na matatu.

Jambo wengi hatulijui ni kuwa jino likitoka, mfupa wa taya uliolishika huanza kusinyaa, kwani hauna kazi tena. Katika mwaka wa kwanza waweza kupoteza karibu nusu ya upana wake. Huyu wetu alikuwa amengoja zaidi ya mwaka.

Siku hizi kila mtu aulizia jino la kupandikiza. Asili yake ni sungura, msicheke! Mnamo 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa akakuta vimeshikana na mfupa, havitoki. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza, naye akavitumia mpaka alipofariki 2006. Kazi yenyewe ni hivi: unadungwa sindano ya ganzi, daktari atoboa mfupa na kutia skrubu ndogo ya titaniamu. Huachwa kwa kawaida miezi mitatu hadi sita ishikane, halafu ndipo jino lenyewe linafungwa juu yake. Meno ya jirani hayaguswi. Lakini mvutaji sigara, na mwenye sukari isiyodhibitiwa, skrubu yake iko hatarini kulegea. Heri aanze na hayo kwanza.

Je, huku si kubadilisha maumbile ya Allah? Fatwa nawaachia masheikh, ila hadithi ya sahaba Arfaja bin As'ad iko kwa Abu Daud na Tirmidhi. Pua yake ilikatika vitani, akaweka ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume (S.A.W.) akamuamrisha aweke ya dhahabu. Na sindano ya ganzi kwa mwenye kufunga? Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah mwaka 1997 ilisema kung'oa jino na kuliziba hakufunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Kwa hiyo jino linalokuuma usiku kucha lisingoje Idd. Kupandikiza kwaweza kungoja, maana kuna dawa za kumeza baadaye.

Hapa nataka mnisikize vizuri. Mfupa ukiwa umepungua, daktari huongeza poda ya mfupa na kuifunika kwa utando. Poda hiyo yaweza kuwa ya ng'ombe, ya binadamu, ya kutengenezwa kiwandani, na nyingine ni ya nguruwe. Utando nao vilevile. Daktari hatakwambia usipouliza, si kwa ubaya, hajui tu kuwa lakuhusu. Uliza kabla hujalala kwenye kiti. Na uliza leseni pia; orodha ya madaktari wa meno iko kwa Baraza la KMPDC.

Gharama nayo si mchezo, jino moja aghalabu hupita laki moja. Kijana wetu alikuwa tayari kuchukua mkopo wa riba. Nikamwambia, we, ngoja! Tulitibu ufizi, tukamtengenezea meno ya kuvaa na kuvua, kwa bei ndogo kabisa ukilinganisha. Wiki ya kwanza alitema mate ovyo na kulalamika kuwa mdomo umejaa. Ya pili akanipigia simu saa nne usiku, hakusalimu hata, akanisomea Alhamdu mpaka mwisho. Ya kupandikiza atayatafuta taratibu, Inshaallah, akijaaliwa pesa na mfupa.

Usiku huu yeye ndiye atakayetusalisha rakaa nane za mwanzo. Adhana imekaribia, tende hizo mbele yenu.