Je, Flashi Itang'olewa?



Nitatoa jibu mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Kwenye diski za kuhifadhia data, flashi haitang'olewa karibuni. Ndani ya chipu zinazoendesha magari na mitambo, imeshaanza kung'olewa.

Flashi ni kazi ya Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba, Japani. Aina ya NAND, ndiyo iliyomo kwenye simu zenu, ilitangazwa mwaka 1987. Hunasa elektroni ndani ya seli, nazo hubaki humo hata umeme ukikatika. Kasoro zake tunazijua: haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa bila kufuta kwanza, tena hufuta seli nyingi kwa mkupuo, na kila ufutaji unaichakaza.

Ndiyo maana Julai 2015, Intel na Micron walipotangaza kumbukumbu mpya iitwayo 3D XPoint, wengi walianza kuichimbia flashi kaburi. Ahadi ilikuwa kasi mara 1,000 ya NAND, na uimara mara 1,000. Bidhaa zake zilizoitwa Optane zilipofika sokoni mwaka 2017 hazikufikia mara elfu hizo, lakini zilikuwa nzuri kweli. Sioni sababu ya kuzicheka. Kilichoziponza ni bei. Kwa kila gigabaiti zilikuwa ghali kuliko flashi, na kwa kasi zilikuwa nyuma ya DRAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta. Zikakwama katikati, mahali penye wanunuzi wachache. Chipu hushuka bei kiwanda kinapotoa nyingi; Optane ilikosa wanunuzi kwa kuwa ghali, ikabaki ghali kwa kukosa wanunuzi. Mwaka 2021 Micron ilijitoa, na kiwanda chake cha Lehi, Utah, kikauzwa kwa Texas Instruments. Julai 2022 Intel nayo ikatangaza kuufunga mradi, na kwenye vitabu vyake ikaandika hasara ya dola milioni 559 kwa shehena iliyobaki.

Wakati huohuo flashi haikulala. Seli zilipogoma kupunguzwa zaidi, watengenezaji walipanda ghorofa, kama Kariakoo viwanja vilipokwisha: Samsung ilianza na matabaka 24 mwaka 2013, na leo SK hynix imevuka 300. Kila seli nayo ikabebeshwa biti tatu, kisha nne. Mshindani anayepiga hesabu kwa bei ya flashi ya leo atafika sokoni aikute imeshuka.

Kwenye chipu ndogo za magari na mitambo mambo ni mengine. Humo flashi hujengwa bega kwa bega na prosesa, na kuishusha chini ya nanomita 28 ni kazi ngumu na ya gharama. Kumbukumbu mpya hupachikwa juu ya transista, katikati ya nyaya za metali, bila kuvuruga ujenzi wa chini. Samsung ilianza kuuza MRAM ya namna hiyo, inayotumia usumaku, mwaka 2019. STMicroelectronics imechagua kumbukumbu inayobadili hali ya maada kwa joto. Infineon, ikishirikiana na TSMC, imechagua RRAM, inayotumia ukinzani wa umeme. Hapa hakuna anayedai terabaiti. Megabaiti chache zinazovumilia joto la injini zinatosha.

Kwa hiyo ninyi mnaotafuta mada za shahada ya uzamili, anzieni kwenye chipu hizo. Na msinipe jedwali la kasi tu: karibu yake pawe na safu ya bei ya kila biti.