TUMAINI NA HESABU
Maneno yaliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya uongozi katika kanisa, nasi tumeipokea kwa hofu, maana wengi wenu mlikuwa wazee wa kanisa wakati sisi tungali tukijifunza kusoma. Lakini jambo tutakalolisema si geni kwenu. Lilitupata sote, na deni lake bado twalilipa. Swali ni hili: kiongozi wa Wakristo atasimamaje mbele ya watu wake kwa imani kubwa, wala asiwafiche hali yao ilivyo?

Mwakumbuka habari ya paa la kanisa letu. Kuta zilikuwa zimesimama, na siku ya sikukuu ya mavuno watu waliinuka mmoja mmoja wakaahidi. Furaha ilikuwa kubwa. Sisi ndio tulioshika kalamu, na katika daftari tuliziandika ahadi katika safu moja na fedha zilizokwisha kupokewa. Hatukukusudia kudanganya mtu. Tulijiambia kuwa Mungu ni mwaminifu, na kwamba kuzitenga ahadi na fedha ni kuonyesha shaka. Halmashauri ya kanisa ikaitazama jumla ile, ikaagiza mabati kwa mkopo. Na chama hiki, kwa kuiamini hesabu ileile, kikaliazima kanisa akiba yake ya mazishi.

Ahadi nyingi hazikufika. Wengine walipoteza kazi, wengine mvua iliwanyima mavuno. Kisha mwenzetu mmoja akafariki mjini, na sanduku la chama lilikuwa tupu. Mjane wake alikaa siku nne akingoja, nasi tukapita chumba kwa chumba usiku tukichanga nauli ya kuupeleka mwili nyumbani. Mama yule hakutukemea. Aliuliza neno moja tu: "Kwani hamkujua?"

Ndugu zetu, tulijua. Mwenye kuandika daftari hujua siku zote.

Wako wasemao tangu siku ile kwamba imani ndiyo iliyotuponza, na kwamba yafaa mambo ya kanisa yaendeshwe kama duka. Hatukubaliani nao. Tuwatazame walioianza kazi hii katika nchi yetu.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka uo huo mkewe Rosina alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alipowaandikia wakubwa wa misheni yake hakuwaambia kuwa mambo ni salama. Aliwapa habari ya kaburi lililo peke yake katika pwani ya Afrika, na hapo hapo akasema kaburi hilo ni alama ya kwamba kazi imeanza. Msiba na tumaini viliandikwa kwa kalamu moja, wala hakimoja hakikufutwa ili kingine kipate nafasi.

Mtu huyu alikuwa na ndoto ya kuunga vituo vya misheni kama mnyororo, toka bahari ya mashariki hata ya magharibi. Mwaka 1851 alisafiri Ukambani mara ya pili. Msafara ukashambuliwa, mwenyeji wake Kivoi akauawa, naye akatangatanga porini kwa njaa na kiu hata akarudi na roho yake tu. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimu kurudi Ulaya, na mnyororo ukabaki katika karatasi.

Mwenzake Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846, hakuwa mtu wa ndoto kama hizo. Aliona heri kukaa mahali pamoja na kufanya kidogo kilicho imara. Alikaa hata mwaka 1875, miaka 29, akapata waumini wachache mno, akapofuka macho. Ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Wataalamu wa London walipomcheka, hakuibadili habari yake ili awapendeze. Sisi makarani na tujifunze hapo.

Je, ni yupi kati yao aliyekuwa kiongozi wa kweli? Bila Krapf, nani angalifika Rabai? Bila Rebmann, nani angalibaki? Wageni wa misheni walipokuja katika miaka ya 1874 na 1875 kuanzisha Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa, walimkuta mzee yule kipofu pamoja na kikundi chake kidogo. Kanisa lilimhitaji mwenye kuona mbali, likamhitaji na mwenye kusema alichokiona karibu.

Hata katika Maandiko mambo ni hayo. Wapelelezi kumi na wawili waliotumwa na Musa waliona zabibu zilezile na majitu yaleyale. Kalebu hakukana kwamba miji ina maboma. Yeye na wale kumi hawakupingana juu ya hesabu. Walipingana juu ya nani yu pamoja nao. Tena tukumbuke yaliyofuata: watu walewale waliolia kwa hofu walipanda mlimani asubuhi yake kwa ushujaa ambao hawakuagizwa, wakapigwa. Hofu na majivuno hukaa nyumba moja, maana yote mawili hayataki kusikiliza.

Mwaka huu wazee wa kanisa wamekuja tena kuomba msaada wa paa. Hatuombi mkutano ukatae. Twaomba mambo matatu tu. Kwanza, ahadi ziandikwe katika safu yake na fedha katika yake. Ahadi ni deni, wala deni halinunui mabati. Pili, akiba ya mazishi isiguswe tena, hata kwa kazi ya Mungu, kwani kumzika maiti na kumstiri mjane ni kazi ya Mungu pia. Tatu, tuezeke kwanza upande wa madhabahu kwa mabati yaliyokwisha kulipiwa, hata kama wengine wetu tutaloa kwa msimu mmoja.

Nanyi wazee wetu, twawaomba kwa heshima: karani akiwaletea hesabu chungu, msimwambie aitie asali. Mficha maradhi, kifo humfichua. Watu wetu wana nguvu ya kubeba habari mbaya, mradi waisikie kutoka kinywani mwa kiongozi asiyekata tamaa.

Mkifunua ukurasa wa hesabu katika kijitabu hiki mtaona safu mbili. Jumla ya ile ya kwanza ni ndogo, nasi hatuionei haya. Twamwomba Bwana Mwenyekiti aisome kwa sauti ili kila mtu aisikie, na baada ya hapo tusimame sote tuombe.