Kitovu cha Mtoto na Pepopunda

Leo tuzungumze juu ya kitovu cha mtoto mchanga.

Huenda umewahi kumsikia nyanya akisema, "Paka majivu, kitakauka upesi." Wengine hupaka mavi ya ng'ombe au udongo. Hufanya hivyo kwa kumpenda mtoto. Lakini ndani ya udongo na mavi ya wanyama hukaa mbegu za bakteria wa pepopunda. Mbegu hizo ni ngumu sana. Zaweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa.

Je, hungojea nini? Hungojea mahali penye chakula na pasipo na oksijeni. Sisi tunahitaji oksijeni ili mwili upate nguvu kutoka kwa chakula. Bakteria hawa ni kinyume chetu: penye oksijeni hawakui. Chakula chao ni asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini kama matofali yajengavyo ukuta. Huvivunja vipande hivyo bila oksijeni, wakapata nguvu ya kuishi na kuzaana.

Sasa fikiria kitovu kilichokatwa. Kipande kinachobaki kimekufa. Damu haipiti tena, kwa hiyo oksijeni haifiki, na protini imo. Ukikipaka uchafu, umewaletea bakteria nyumba na chakula. Wakikua, hutoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu.

Dalili ni hizi. Mtoto alinyonya vizuri siku 2 za kwanza. Halafu, kati ya siku ya 3 na ya 28, anashindwa kunyonya, taya zinakaza, mwili unakuwa mgumu, anapata mishtuko akiguswa au akisikia kelele. Mama, usingoje kuche. Mkimbize hospitalini.

Tufanye nini basi? Kwanza, mama mjamzito apate chanjo ya pepopunda kliniki. Kinga yake humfikia mtoto akiwa tumboni. Hii ni muhimu, kwa sababu mtoto mwenyewe huanza chanjo yake ya pepopunda akiwa na wiki 6, na hatari kubwa huwa imeshapita au imeshamchukua. Kwa hiyo uliza muuguzi umepata chanjo ngapi.

Pili, jifungulie kituo cha afya. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya au mkasi uliosafishwa kwa mtambo, na mikono iliyonawa kwa sabuni.

Tatu, acha kitovu kikiwa safi na kikavu. Nepi ifungwe chini yake. Ukipewa dawa ya klorheksidini, ipake ulivyoelekezwa, na isiingie machoni wala masikioni mwa mtoto.

Na nyanya akileta majivu? Mshukuru kwa heshima, kisha umweleze ulichosikia leo. Yeye pia anamtaka mjukuu wake aishi.