Tusiidharau Kura ya Karibu

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati katika sherehe za Sikukuu ya Jamhuri)



Agosti 2022 wengi wetu hatukulala. Tulikesha tukijumlisha fomu 34A za vituo vya nyumbani, chai ikitupoa mkononi. Mei iliyofuata ukaja uchaguzi wa madiwani hapa mjini kwetu, England. Siku hiyo tulikwenda kazini, tukarudi, tukalala. Baadaye baraza la mji lilipopunguza saa za maktaba ambamo watoto wetu husomea Kiswahili kila Jumamosi, tulikutana kwa hasira. Mzee mmoja akauliza: nani alipiga kura Mei? Mikono minne ikainuka.

Wenyeji nao hawatupiti sana. Katika kura ya maoni ya 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya, asilimia 72 ya waliojiandikisha walijitokeza. Uchaguzi wa bunge wa 2024 ulipata takriban asilimia 60, na wa Meya wa London mwaka huohuo asilimia 40 hivi. Wa madiwani mara nyingi huvuta theluthi moja tu. Mwaka 2012, makamishna wa polisi walipochaguliwa kwa mara ya kwanza England na Wales, waliopiga kura walikuwa asilimia 15.

Nyumbani mambo ni tofauti kwa sababu tunapewa karatasi sita siku moja: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Anayemfuata rais kituoni humpigia kura mwakilishi wadi papo hapo. Mwaka 2013 walijitokeza asilimia 86, na 2022 asilimia 65. Hapa mara nyingi kila uchaguzi una siku yake, na ule mdogo hauna mkubwa wa kuubeba.

Lakini huo mdogo ndio unaogusa mlango wetu: takataka, maktaba, nyumba za baraza, matunzo ya wazee. Tena wapiga kura wakiwa wachache, kura moja inakuwa na uzito zaidi. Familia kumi zikitoka pamoja, diwani atazijua.

Wapo wanaosema, "Sisi ni wageni, hayatuhusu." Sheria haisemi hivyo. Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, na raia wake mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, ya bunge na ya madiwani, hata kama hana uraia wa hapa. Kituoni England wanataka kitambulisho chenye picha, na pasi ya Kenya inakubalika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuna miaka ishirini hapa, na jembe tumeliegemeza ukutani.

Watoto wetu, sikilizeni. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Si kila mtu aliruhusiwa. Walipimwa kwa elimu, mapato na mali, na mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu huku jirani yake akikosa hata moja. Mtu mmoja kura moja ilidaiwa kwa jasho kabla ya bendera yetu kupandishwa tarehe 12 Desemba 1963.

Kwa hiyo tunaombana hivi. Leo, kabla ya pilau, kamati ina meza pale mlangoni ya kusaidiana kujiandikisha. Vijana wa miaka 16 nao waje, maana England wanaweza kujiandikisha sasa wakingoja kutimiza 18. Mei ijayo twende pamoja, wazee tuwape lifti. Siku nyingine mtu akiuliza nani alipiga kura, tusihesabu mikono minne.

Mungu ibariki Kenya, na huku tulikopanga maisha yetu.